Taa Nyekundu Pande Zote

Mwanaume asiyesema uongo ni wa kuogopwa kuliko mwongo. Chekeni tu, yatawakuta. Mwongo utamkamata, maana leo atasema alikuwa Kariakoo, kesho atasahau aseme alikuwa Tegeta, kazi imekwisha. Benjamin wangu alikuwa haongopi. Ndiyo maana Ijumaa ile jioni nilikaa mbele yake pale Kawe, kwenye benchi la Mama Gladness, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati yetu, namtazama mdomo kama trafiki anavyotazama leseni.

"Una mwanamke Kipawa?" nikamuuliza.

"Sina mwanamke Kipawa."

"Una mtoto Kipawa?"

"Tekla, sina mtoto Kipawa wala mahali popote."

"Kuna nyumba Kipawa unaingiaga bila kupiga hodi?"

Hapo akachukua kipande cha muhogo, akakichovya kwenye chachandu, akakitazama, akakirudisha sahanini.

"Jibu, Ben."

"Kula kwanza. Inapoa."

"Sijafuata mihogo hapa. Kesho ni Jumamosi!"

Alijua kesho maana yake nini. Baba yangu, mzee Augustine, ni mchongaji vinyago, Mmakonde wa Masasi aliyehamia Temeke kabla mie sijazaliwa, na maneno kwake ni ya kuhesabu. Wiki hiyo alikuwa anapiga msasa kinyago uani, akasema bila kuinua kichwa: "Huyo kijana wako alete watu Jumamosi asubuhi. Wasipokuja, jina lake nisilisikie tena ndani ya nyumba hii." Akaendelea na msasa wake. Mama yangu alipokuwa hai ndiye pekee aliyeweza kumgeuza, na mama hayupo.

Na mie nampenda Benjamin, jamani. Nampenda mpaka najichukia.

Nilimpata darasani. Mchana nauza vitenge dukani kwa shangazi Marietha, jioni nasomea digrii ya kompyuta, na somo la mantiki lilikuwa limenishinda kabisa. Chuo kikamleta Benjamin atusaidie. Yeye ameajiriwa kwenye kampuni ya lifti. Kazi yake ni kukagua programu zinazoziendesha kabla watu hawajapanda. Siku ya kwanza akasimama mbele yetu, mikono mfukoni, akasema, "Kila gari langu ni jekundu. Kweli au uongo?"

Sie wote shingo dirishani, tunatafuta gari.

"Sina gari," akasema. "Kwa hiyo hakuna gari langu hata moja lisilo jekundu. Sentensi yangu ni kweli."

Darasa likaangua kicheko. Nikacheka na mie, na nilipomaliza kucheka moyo ulishakwenda. Lakini tulipokuwa wapenzi sentensi ile ikaanza kunirudia. Mtu anayeweza kusema vile, uso mkavu, na akawa hajadanganya, huyo lazima umsikilize kwa masikio yote mawili. Aliniambiaga, "Sijawahi kumleta mwanamke mwingine kwangu." Nikasema sawa, ahsante. Halafu nikakaa nikawaza: na yeye kwenda kwao je?

Mwenye kuniwashia moto wenyewe ni binamu yangu Mauwa, anayeuza kwenye duka la dawa Kipawa. Alikuwa akimwona Benjamin Jumapili baada ya ibada, mfuko wa maziwa ya mtoto mkononi, anaingia geti la kijani mtaa wa nyuma ya duka.

"Mwenzangu, yule dada kampokea mfuko tu," Mauwa akaniambia. "Hakumsalimia."

"Hakumsalimia?"

"Hata! Unayemsalimia ni mgeni."

Neno lile likanikwama kama mwiba wa samaki. Jumapili zote simu ya Benjamin ilikuwa haipokelewi, na jioni ananiambia, "Nilikuwa kwa ndugu." Ndugu gani? "Ndugu tu." Ndugu wa kunywa maziwa ya kopo!

Sasa pale Kawe nikaona nikiendelea kuuliza ataendelea kunijibu ukweli wake wenye matundu. Nikabadilisha njia. Nikatoa kompyuta kwenye mkoba, nikaifungua.

"Basi yaishe. Nimemaliza kazi ya mwalimu, nataka unikagulie."

Rangi ikamrudia usoni. Alidhani mvua imepita.

"Ile ya kukagua mifumo? Umechagua mfumo gani?"

Mwalimu alitutaka kila mtu atafute kwenye maisha yake watu wanaosubiriana, awaandike kwa lugha ya mantiki: nani anaweza kuwa katika hali gani, na nini kinamtoa hapo. Ukishaandika, unaiuliza programu swali, nayo inapita njia zote zinazowezekana, haichoki wala haimwonei mtu haya. Jibu likiwa hapana, inakuonyesha njia yenyewe ambayo mambo yanaharibikia. Wenzangu walichagua foleni ya benki na kivuko cha Kigamboni.

"Nimechagua sie," nikasema.

Akacheka. Kisha akaona mie sicheki.

"Huyu hapa ni mama yako," nikamwonyesha kwa kidole. "Yuko Madale, na sheria yake tunaijua wote: mdogo hamruki mkubwa. Hatumi washenga wa Benjamin mpaka kaka yako Godlisten aoe kwanza. Sawa?"

"Sawa."

"Huyu Godlisten. Yuko mgodini Geita, hajaoa, akiulizwa anasema bado. Huyu wewe, unamsubiri kaka. Huyu mie, nakusubiri wewe. Na huyu baba yangu, anasubiri watu. Nimekosea?"

Alichelewa kidogo kujibu. Kidogo tu, lakini mie nilikuwa nimekaa pale kwa ajili ya hivyo vidogo.

"Umeandika vile unavyojua," akasema.

Mnaona? Umeandika vile unavyojua! Nikaikunja hiyo sentensi nikaiweka akiba.

"Nikauliza swali la kwanza: kuna njia yoyote hapa inayotufikisha kwenye kugombana, mtu avunje uchumba? Ikasema hakuna. Watu wote wazuri, kila mtu anasubiri kwa adabu. Swali la pili: je, mwishowe watu wako watafika kwetu? Soma jibu mwenyewe."

Akasoma. Huwa akisoma midomo inacheza, kwa hiyo nilisoma naye. Mama anamsubiri Godlisten. Godlisten bado. Benjamin anasubiri. Tekla anasubiri. Mama anamsubiri Godlisten. Ikarudi ilipoanzia, ikazunguka tena, bila mwisho.

"Taa nyekundu pande zote," akasema polepole.

Lilikuwa somo lake mwenyewe. Alituchorea njia panda ubaoni, akatuambia mwanafunzi mchanga akipewa kazi ya taa za barabarani anafikiria ajali tu. Anaweka nyekundu pande zote, halafu anajisifu hakuna ajali. Kweli ajali hakuna, na hakuna anayepita.

"Umesema mwenyewe," nikamwambia, na sauti ikaanza kunipanda. "Kila siku unaniambia utanioa. Nikushike wapi, Ben? Leo hujanioa, utasema kesho ipo. Kesho hujanioa, keshokutwa ipo. Nikizeeka nikifa hujanioa, bado utasimama kaburini useme hujawahi kunidanganya. Na itakuwa kweli!"

"Tekla, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mama Gladness, nikipiga kelele hapa kuna ubaya?"

"Piga tu mwanangu," Mama Gladness akajibu kutoka kwenye karai lake la mafuta. "Wanaume wa siku hizi bila kelele hawasikii."

Nikasogeza ukurasa chini nimwonyeshe kitu cha mwisho, nikanyoosha mkono kuchukua juisi yangu ya ukwaju kabla sijamweleza. Ndipo macho yake yakaangukia ule mstari. Nilikuwa nimeandika: Godlisten ameoa, kweli.

Akaifunika kompyuta kwa kiganja, paa! Glasi ikayumba mkononi mwangu.

"Nani kakwambia?"

Nikabaki na glasi hewani.

Jamani, hakuna aliyeniambia kitu. Mfumo ukikwama, unachukua jambo moja unaligeuza kwa kujaribu tu, uone kama utafunguka. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Nilijaribu "Godlisten ameoa" kwa sababu ndilo lililokuwa likiwafunga wengine wote, na kweli programu ikafunguka, watu wakafika kwetu Temeke bila shida. Lilikuwa jaribio. Mwalimu wangu mzima kachukua jaribio kaliona habari.

Mtu mwenye moyo mweupe angesema hapo hapo, "Ben, najaribu tu." Mie si huyo.

"Kwani uongo?" nikamuuliza.

Swali haliwezi kuwa kweli wala uongo. Hilo nalo alinifundisha yeye.

Mabega yakamwanguka. "Mauwa, eh? Najma kaongea na Mauwa dukani."

Najma! Basi geti la kijani lina jina. Nikajikaza uso usiseme kitu.

"Nataka nisikie kwako," nikasema.

"Wameoana bomani, mwaka juzi," akasema, akitazama meza. "Godlisten na Najma. Najma ni Mwislamu, kwao Lindi. Kaka alijua mama hatakubali, akafunga ndoa kimya kimya akidhani atamwambia baadaye. Baadaye ikawa presha ya mama. Kisha akazaliwa mtoto, Hope. Kaka yuko mgodini, anakuja kwa nadra. Jumapili nampelekea mtoto maziwa, namrekebishia Najma bomba, narudi. Hilo tu, Tekla. Hakuna lingine."

"Hakuna lingine lipi? Maliza sentensi."

Akainua macho. Yalikuwa na maji.

"Sijawahi kumgusa Najma, sijawahi kumtamani Najma, wala mwanamke mwingine yeyote tangu siku uliyoangalia dirishani ukitafuta gari langu. Kuna tundu hapo?"

Nikaipitia mara mbili. Hapakuwa na tundu. Nafuu ikanijia kifuani mpaka nikashika ukingo wa meza, nikataka kumrukia shingoni pale pale mbele ya walaji mihogo. Halafu hasira ikaja nyuma ya nafuu, tena kubwa kuliko ile ya mwanzo.

"Kwa hiyo mkubwa ameshaoa."

"Ndiyo."

"Sharti la mama yako limeshatimia tangu mwaka juzi. Njia nyeupe. Na wewe umenisimamisha kwenye taa nyekundu, huku unajua upande wa pili hakuna gari!"

"Niliapa, Tekla. Kaka aliniapisha kwenye kaburi la baba, Moshi. Kwamba sitatoa neno kwa mtu mpaka aseme mwenyewe."

"Na mie uliniapia nini?"

"Kukuoa."

"Lini?"

Mafuta ya Mama Gladness yakachacharika.

"Nimempigia leo mchana," akasema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia kesho ndiyo mwisho wangu na wewe. Kanijibu bado. Nifanye nini? Nivunje kiapo cha kaburi la baba yangu? Utakubali kuolewa na mie niliyevunja hicho, uamini changu kwako?"

Hapo alinipata, siwezi kukataa. Nisingemwamini.

"Mlioapa ni nani na nani?" nikauliza.

"Mie na kaka."

"Najma?"

"Hakuwepo. Alikuwa Dar, mjamzito."

"Mlimuuliza?"

"Tekla..."

"Nimeuliza, mlimuuliza? Mwanamke anakaa nyuma ya geti mwaka na zaidi, mtoto wake hajui bibi yake, majirani wanamwona hawara wa mtu. Kuna hata mmoja wenu aliyemuuliza kama anataka kufichwa?"

"Hapana," akasema.

"Basi wewe umefungwa, na Godlisten amejifunga. Najma hajafungwa na mtu."

Aliinua kichwa taratibu. Nikaona macho yake yanafanya kile nilichokipenda siku ya kwanza, yanaizunguka sentensi, yanaigeuza upande huu na huu, yanatafuta inapovuja. Nilitamani kukaa niyatazame. Badala yake nikachukua kompyuta yangu nikasimama, maana kuelewa si kutenda, na mie kuelewa kwa Benjamin nilikuwa nimekushiba.

"Utamwambia mama?" akaniuliza nikiwa nimeshampa mgongo.

"Sitamwambia mama yako."

"Umesema mama yangu tu."

"Nimesema nilichosema. Umenifundisha vizuri."

Sikumwambia mtu. Lakini acha naye ashuku kidogo, aonje.

Jumamosi asubuhi shangazi Marietha alifika mapema na vitambaa vyake vya kufuma, akatandika makochi yote. Baba alivaa shati la kitenge analolivaa Pasaka. Mie nikawekwa chumbani, nyuma ya pazia, kama desturi ilivyo. Kwenye simu ukaingia ujumbe wa Benjamin: "Sijavunja kiapo."

Basi, hivyo tu. Nikausoma nikiwa nimesimama, nikausoma nimekaa. Sijavunja kiapo maana yake nini? Mtu aliyelala mpaka jua likamchoma naye hajavunja kiapo! Kama amekwenda kwa Najma, angesema. Kama hakwenda, angesema? Nikamtukana kwa sauti ya chini, nikalia kidogo, nikajipaka poda upya.

Saa zikaenda. Shangazi akaanza kukohoa kikohozi cha kutafuta la kusema. Nikasikia kiti cha baba kinasogea, kisha mlango wa uani, kisha ule mkwaruzo ninaoujua tangu utotoni. Baba amechukua msasa.

Nikakaa kitandani. Basi, nikasema. Imekwisha.

"Hodi hapa!"

Msasa ukanyamaza.

Niliinua ncha ya pazia. Aliingia mzee mmoja wa koti, nisiyemjua, na nyuma yake mwanamke mwembamba wa hijabu ya bluu, mikono imekamata mkoba kama unataka kuruka. Wakakaribishwa, wakakaa. Mzee akajitambulisha kwa jina la Wilbert, akasafisha koo, akaanza kueleza namna walivyopita nje wakanusa harufu ya ua zuri.

"Ngoja, mzee mwenzangu," baba akamkata. "Ua lipo, halikimbii. Wewe ni nani wake huyo kijana?"

"Mie ni jirani yao, Madale."

"Jirani ni mtu mwema. Lakini mwanangu haposwi na majirani. Nani hapa ni wa ukoo?"

Mzee Wilbert akatazama kapeti.

"Mie, baba. Shikamoo." Alikuwa yule mwanamke. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikazia. "Naitwa Najma. Ni mke wa Godlisten, kaka mkubwa wa Benjamin. Mke wa ndoa."

Nyuma ya pazia niliziba mdomo.

"Marahaba, mwanangu. Na mama wa kijana yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye gari. Baba, nisikufiche. Leo asubuhi ndiyo kaniona kwa mara ya kwanza. Jana shemeji alikuja kwangu akaniuliza kama nataka kuendelea kufichwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia sitaki, nipeleke kwa mama. Alinipeleka, hakufungua mdomo, nilisema yote mwenyewe. Mama alilia. Mie hajanisemesha mpaka sasa. Lakini mtoto kampakata, hataki mtu amchukue, na ametamka neno moja tu: 'Basi mdogo apite.'"

"Ee Mungu wangu," shangazi Marietha akasema, nusu kicheko. "Mama wa watu kamfungia mlango mkusini mmoja, huyu wetu, kumbe mwingine wa Lindi yumo ndani, kashazaa!"

"Marietha!" baba akamkemea, lakini mdomo wake mwenyewe ulikuwa unacheza. "Nenda kamwambie mama ashuke. Jua la Temeke halina adabu, litamchemshia mjukuu."

Nilikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibao cha fundi viatu, alisimama Benjamin kwenye shati jeupe, hawezi kuingia maana mwoaji haingii siku hiyo. Hakuwa amelala, macho mekundu. Aliponiona hakutabasamu wala hakupunga mkono. Alinitazama tu kama mtu aliyekwisha kutoa jibu lake lote ubaoni na anasubiri kusahihishwa.

"Tekla!" baba akaita. "Njoo."

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Mama Benjamin alikuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti, mtoto kiunoni, uso ameugeuzia ukutani asinione mie wala asimwone Najma. Najma aliniona. Tulitazamana, na nikakumbuka Jumapili zote nilizomlaani mtu huyu bila kumjua sura.

Baba akauliza swali wanaloulizwa mabinti wote, swali ambalo binti akijibu "siwajui" wageni wanaaga, na akijibu "nawajua" ameshaolewa.

"Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

Mzee Wilbert sikuwahi kumwona. Najma sikuwahi kumwona. Mama yule alikuwa hajanipa hata mkono wake tangu nimfahamu mwanawe. Benjamin angekuwa mle ndani angelichukua jibu langu akalikuta limetoboka kama chujio.

"Nawajua, baba," nikasema.